Kurudia GMAT: kazi ya wiki nane baada ya alama kuja chini

Alama za GMAT, mtihani wa kuombea shule za biashara, zikitoka chini ya ulizozihitaji, wengi hufanya mambo mawili siku hiyo hiyo: hulipia tarehe mpya, kisha hurudi ukurasa wa kwanza wa kitabu kile kile. Tarehe inaweza kungoja wiki moja, na kitabu kukianza upya kutakupa tena yale unayoyajua tayari. Alama za mtihani huu hazipandi kwa kurundika maswali mapya. Zinapanda pale makosa unayoyarudia yanapojulikana moja moja na kung'olewa.

Mwongozo huu ni wa mtu aliye Uganda, mwenye kazi ya mchana, anayeomba shule ya biashara iliyo nje ya nchi. Kanuni inakuruhusu kurudia baada ya siku 16, na mara 5 ndani ya miezi 12. Siku 16 zinamtosha aliyekuwa mgonjwa siku ya mtihani, au aliyekatikiwa umeme katikati. Mwingine yeyote ajipe wiki 8, saa 10 hadi 12 kila wiki.

Kwanza, je, alama zako ni mbaya kweli?

GMAT ya sasa ina alama kuanzia 205 hadi 805, na jumla yoyote huishia na 5. Ile ya zamani, iliyokoma Januari 2024, ilikuwa 200 hadi 800. Vipimo hivi viwili havilingani: 645 ya leo inakaribiana na 700 ya zamani. Kwa hiyo kaka aliyefanya mwaka 2015 akikuambia bila 700 hupati shule, anapima kwa kipimo kingine. Fungua ukurasa wa kila shule unayoiomba, tafuta wastani wa alama za darasa lake la mwisho, na uhakikishe wastani huo ni wa mtihani mpya. Ukiwa umepungukiwa na alama 10 tu kwenye wastani, huenda barua zako za maombi ndizo zinazohitaji hizo wiki nane. Ukipungukiwa na 40 au zaidi, endelea kusoma hapa.

Soma ripoti kabla ya kusoma kitabu

Ndani ya akaunti yako kuna ripoti ndefu, na watu wengi huitazama mara moja kwa uchungu kisha wakaifunga. Ifungue tena na kalamu mkononi. Mtihani una sehemu tatu, kila moja dakika 45: hesabu maswali 21, lugha (Kiingereza) maswali 23, takwimu maswali 20. Kila sehemu hupewa alama 60 hadi 90, na zote tatu zina uzito sawa katika jumla. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika. Takwimu ni theluthi nzima ya alama zako, na ndiyo sehemu ambayo watu huipa jioni mbili za mwisho.

Usilinganishe namba za sehemu hizo ana kwa ana. 80 ya takwimu inakuweka mbele ya watahiniwa wengi zaidi kuliko 80 ya hesabu. Angalia asilimia ya watahiniwa uliowapita katika kila sehemu. Penye asilimia ndogo ndipo penye nafasi kubwa ya kupanda. Kisha angalia mambo mawili: aina za maswali zilizokuangusha, na muda. Aliyepata vizuri mwanzoni akaharibu maswali matano ya mwisho hana tatizo la hesabu, ana tatizo la saa, na dawa yake ni nyingine kabisa.

Andika kwenye karatasi moja sentensi tatu, moja kwa kila sehemu, kwa mfano: "Hesabu: nilikosa maswali ya uwiano na asilimia, na nilibahatisha manne ya mwisho." Karatasi hiyo ndiyo itakayopanga wiki zako.

Vitabu vya mitumba

Kama ulijiandaa kwa kitabu cha kurithi au nakala ya kutoa fotokopi, angalia mwaka wake. Jiometri imeondolewa, kwa hiyo kanuni zote za duara na pembetatu ulizozikariri tangu S.4 (kidato cha nne) zipumzishe. Maswali ya kusahihisha sarufi yameondolewa. Insha imeondolewa. Maswali ya utoshelevu wa taarifa (huombwi jibu lenyewe, unaamua tu taarifa zipi zinatosha kulipata) yamehamia sehemu ya takwimu. Mtu aliyetumia theluthi ya muda wake kwenye sarufi na duara alisomea mtihani usiokuwepo tena.

Daftari la makosa

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Nunua daftari la kaunta lenye kurasa nyingi, na kila swali ulilokosa, au ulilopata kwa kubahatisha, liingie humo. Ulilolipata kwa zaidi ya dakika tatu nalo liingie. Kila ingizo lina mambo sita: tarehe, swali limetoka wapi, ulichukua dakika ngapi, ulichagua nini na jibu sahihi ni lipi, ulikuwa unafikiri nini ulipochagua, na tarehe ya kulirudia.

Jambo la tano ndilo lenye thamani. "Uzembe" si jibu. Hakuna dawa ya uzembe. Kosa lolote linaingia katika moja ya makundi manne: sikuijua kanuni, niliijua lakini sikuitambua ndani ya swali, nilisoma vibaya au nilikosea hesabu ndogo, nilikuwa nimeishiwa muda. Andika kundi hilo pembeni kwa herufi kubwa.

Tuchukue swali moja la utoshelevu wa taarifa tulitazame kwa karibu. Mfanyabiashara wa Kikuubo, soko la Kampala, amenunua mifuko ya sukari kwa shilingi 170,000 mfuko na ya mchele kwa shilingi 210,000 mfuko. Alinunua mifuko mingapi ya sukari?

Taarifa ya kwanza: jumla alilipa shilingi 1,480,000.
Taarifa ya pili: jumla alinunua mifuko 8.

Wengi huona herufi mbili zisizojulikana, wanasema zinahitaji milinganyo miwili, na wanachagua kwamba taarifa zote mbili zinahitajika pamoja. Wamekosa. Mifuko haikatwi nusu. Gawanya zote kwa 10,000: 17 mara sukari, ongeza 21 mara mchele, ni 148. Jaribu mchele 0, 1, 2: mabaki 148, 127 na 106 hayagawanyiki kwa 17. Mchele 3: inabaki 85, yaani sukari 5. Endelea na 4, 5, 6 na 7: mabaki 64, 43, 22 na 1, hakuna linalogawanyika. Jibu ni moja tu, sukari 5. Taarifa ya kwanza peke yake inatosha. Ya pili peke yake haitoshi.

Ingizo la swali hili kwenye daftari lisiseme "nilikosa aljebra." Liseme hivi: "Nilitumia kanuni ya milinganyo miwili bila kuuliza kama namba lazima ziwe nzima. Kundi: sikuitambua. Ishara ya kukumbuka: vitu vinavyohesabika, watu, mifuko, tiketi, basi jaribu namba nzima kabla ya kuamua." Ishara hiyo ndiyo utakayoiona tena siku ya mtihani ikiwa imevaa nguo nyingine, viti vya ukumbi au kalamu za wanafunzi.

Kurudia kunafuata ratiba: siku ya 3, siku ya 10, siku ya 21. Unafunga maelezo, unachukua karatasi tupu, unafanya swali upya kwa saa. Kusoma maelezo ukayaelewa si sawa na kuweza kufanya, na tofauti hiyo ndiyo inayowaangusha watu wenye bidii. Ukilipata mara tatu ndani ya dakika mbili, lifute kwa mstari. Ukilikosa tena siku ya 21, kanuni yake haijakaa. Rudi kwenye mada nzima, usibaki kwenye swali.

Kwa wiki nne za kwanza, nusu ya muda wako iende kwenye daftari hili na nusu kwenye maswali mapya. Inauma, kwa sababu maswali mapya yanaleta hisia ya kusonga mbele. Vumilia.

Hesabu bila kikokotoo

Sehemu ya hesabu haina kikokotoo. Mhasibu anayeshinda na jedwali la kompyuta kutwa nzima huumia hapa kuliko mwalimu wa msingi, na aliyesoma HEG (historia, uchumi na jiografia) akaiacha hesabu baada ya S.4 huumia zaidi. Dawa ni dakika 15 kila asubuhi, kwa karatasi, kwa majuma manne: vipeo vya pili vya 1 hadi 20, na sehemu zinazogeuzwa asilimia bila kufikiri. 1/6 ni 16.7, 1/7 ni 14.3, 1/8 ni 12.5, 1/9 ni 11.1, 1/12 ni 8.3.

Jambo kubwa zaidi ni kufupisha kabla ya kuzidisha. Ukiona 48 × 375 ÷ 90, usiende kutafuta 18,000. Gawanya 375 na 90 kwa 15, unapata 25 na 6. 48 kwa 6 ni 8. 8 mara 25 ni 200. Sekunde 10, na hakuna sifuri iliyopotea njiani.

Kwenye asilimia, kosa la kila siku ni kusahau asilimia hiyo ni ya nini. Kilo ya kahawa iliyokuwa shilingi 10,000 ikashuka asilimia 20 iko 8,000. Kurudi 10,000 inahitaji kupanda 2,000 juu ya 8,000, yaani asilimia 25, si 20. Ukishindwa kuona hivyo mara moja, kila swali la asilimia weka 100 mahali pa herufi na utembee nalo.

Lugha

Sasa zimebaki aina mbili tu, ufahamu na uchambuzi wa hoja. Sisi tuliosoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi hatuangushwi na msamiati. Tunaangushwa na kuleta tunayoyajua sisi ndani ya kifungu.

Chukua hoja hii: "Tangu wanachama wa ushirika mmoja wa Masaka waanze kukausha kahawa juu ya wavu badala ya chini, bei wanayolipwa imepanda. Basi wavu ndio umepandisha bei." Kipi kinaidhoofisha? Jibu moja linasema baadhi ya wanachama bado wanakausha chini. Jingine linasema katika kipindi hicho hicho bei ilipanda kwa kiasi kile kile kwa wakulima wa wilaya nzima, hata wasio na wavu. La kwanza linavutia kwa sababu linamtaja mwanachama, lakini haligusi sababu. La pili linaonyesha kwamba bei ingepanda hata bila wavu. Mkulima au ofisa ugani atabishana na swali hili kwa sababu anajua wavu unasaidia kweli. Mtihani haukuulizi hilo.

Kwa hiyo kabla ya kutazama machaguo, andika kwa maneno matano hitimisho la hoja na pengo lake: "wavu → bei, labda sababu nyingine." Kisha tafuta jibu linaloingia kwenye pengo. Katika ufahamu, kila jibu unalochagua liwe na mstari unaoweza kuuwekea kidole. Ukikosa mstari, jibu hilo ni lako wewe, si la mwandishi.

Takwimu

Hapa kikokotoo cha skrini kipo, lakini ni cha kubofya kwa panya na kinakula muda. Kitumie kwa mgawanyo mbaya tu; kwingine kadiria. Maswali mengi ya sehemu hii yana vipengele viwili au vitatu, na ukikosa kimoja umekosa swali zima. Hakuna nusu alama. Hivyo ukikwama kwenye kipengele cha kwanza, swali lote limeshakuwa la kubahatisha: chagua, weka alama ya kulirudia, songa mbele. Kabla ya kugusa swali la jedwali au grafu, tumia sekunde 20 kusoma vichwa vya safu na vipimo. Maelfu au mamilioni? Asilimia ya jumla au ya mwaka uliopita?

Saa

Saa ya skrini inahesabu kushuka, kwa hiyo vituo vyako vya kujikagua viandike kwa muda uliobaki. Hesabu: baada ya maswali 7 ziwe zimebaki dakika 30, baada ya 14 dakika 15. Lugha: baada ya 8 dakika 29, baada ya 16 dakika 14. Takwimu: baada ya 5 dakika 34, baada ya 10 dakika 22, baada ya 15 dakika 11. Viandike kwenye ubao wako wa kuandikia mara sehemu inapoanza.

Ukifika kwenye kituo cha saa umechelewa dakika mbili, swali gumu linalofuata liachie papo hapo. Kila sehemu jipe ruhusa ya kuachia maswali mawili au matatu, kwa uamuzi wako, kabla hayajakula dakika nne. Usiache swali lolote bila jibu mwishoni, adhabu ya swali lisilojibiwa ni kubwa kuliko ya kukosa. Unaruhusiwa kubadilisha majibu 3 kwa kila sehemu baada ya kuyapitia yote. Hizo nafasi tatu ni za maswali uliyoyawekea alama ukiwa karibu na jibu, si za kurudi kwenye yale uliyoyaachia bila dalili yoyote.

Mtihani hupanga ugumu kufuatana na unavyojibu. Usijaribu kusoma hali yako kwa kuangalia ugumu wa swali. Mtu anayeona swali rahisi akadhani ameshaharibu, huliharibu hilo rahisi kweli.

Wiki nane zinavyokwenda

Wiki ya 1 ni ya ripoti, daftari na mada mbili dhaifu kuliko zote. Wiki ya 2 hadi ya 5 ni za kurekebisha, mada moja au mbili kwa wiki, bila mtihani kamili isipokuwa mmoja mwishoni mwa wiki ya 4. Wiki ya 6 na ya 7 ni za mitihani kamili, mmoja kila wiki. Wiki ya 8 ni daftari peke yake.

Mitihani miwili rasmi ya majaribio hutolewa bure kwenye akaunti ya GMAT, mingine inauzwa. Ukiirudia ile ile maswali yatajirudia na alama zitakudanganya, kwa hiyo itunze. Fanya kila jaribio saa ile ile ya mtihani wako, dakika zote 135, na mapumziko yale yale ya dakika 10. Siku inayofuata yote iwe ya kuchambua. Mpangilio wa sehemu unauchagua mwenyewe. Jaribu mipangilio miwili kisha ushike mmoja, na sehemu inayokuchosha sana isiwe ya mwisho.

Kwa anayefanya kazi Kampala, jioni haifai. Ukitoka ofisini, ukamaliza jamu ya Jinja Road, akili inayobaki ni ya kusoma maelezo tu, haiwezi kupambana na swali. Saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja kasoro robo, siku nne kwa wiki, na saa nne za Jumamosi, zinatosha.

Ukifika mwisho wa wiki ya 7 na majaribio yako mawili yote yako chini ya lengo kwa alama 30 au zaidi, sogeza tarehe. Ada ya kusogeza huongezeka kadiri siku inavyokaribia, kwa hiyo amua mapema.

Nyumbani au kituoni, na pasipoti

Jina la akaunti lifanane herufi kwa herufi na la pasipoti. Wengi wetu tuna majina matatu, na yale ya cheti cha UNEB, baraza la mitihani la Uganda, hayapangwi kila mara kama ya pasipoti; fuata pasipoti. Hakikisha pia haiishi muda kabla ya siku yenyewe. Mtu anaweza kurudishwa mlangoni kwa herufi moja, na ada isirudi.

Mtihani wa nyumbani una faida ya kutosafiri, lakini unakudai chumba chenye mlango unaofungika, meza tupu, na mtandao usiotetereka kwa zaidi ya saa mbili. Mtu akiingia, hata mtoto, mtihani unaweza kusimamishwa. Umeme ukikatika, betri ya kompyuta itakuokoa, ila kisambaza mtandao kitazimika kama hakina betri yake. Kwa hiyo kama kituo cha mtihani kinafikika, chagua kituo. Anayetoka Mbarara au Gulu aingie mjini siku moja kabla. Kumbuka pia saa: tiketi ikisema 8:00 ni saa mbili asubuhi, na ufike nusu saa kabla.

Siku mbili za mwisho usifanye swali jipya lolote. Pitia kurasa za daftari ambazo hazijafutwa kwa mstari, andika upya vile vituo vya saa bila kuangalia, ulale.

Shule huona alama zile tu unazozituma wewe. Alama rasmi zikitoka unayo saa 48 ya kuchagua shule 5 za kutumiwa bure. Baada ya hapo kila shule inalipiwa. Orodha ya shule hizo tano iandike kabla ya kwenda mtihanini.